Duka Lisiloajiri

Bwana Mbaruku, tajiri wa vitenge, hakuwahi kumlipa muuzaji. Kila asubuhi alimwita mwombaji kazi mpya, akamwambia, "Uza kutwa bure, nikuone kwanza," na jioni akamtimua.

Ikafika zamu ya Mishi. Kwa ulimi wake mtamu aliuza kweli kweli, akimsindikiza kila mteja hadi mlangoni huku akimnong'oneza. Mbaruku alikenua tu.

Jioni akamwambia, "Hufai, binti. Huna mvuto kwa wateja."

"Haya, mzee wangu. Ahsante."

Kesho yake hakuingia hata mteja mmoja. Mbaruku akachungulia duka la ng'ambo, la hasimu wake: limejaa pomoni, na Mishi yuko kaunta. Akavuka mbio.

"Binti, umefanya nini?"

"Hapa napo nilisailiwa, mzee. Niliambiwa nilete wateja, ndipo nikaja kwako kuwachukua. Nawe unatafuta kazi? Karibu uuze kutwa bure, tukuone kwanza."