Shamba la Chulensa

"Muulize mwenye jembe kabla ya mwenye upinde." Mmemsikia mjomba wenu akilisema neno hilo, mkanijia mbio kutaka kujua limetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Wapala, acha kumchokoza mwenzako. Chanzo chake ni hiki.

Bibi yangu, Chulensa, alikuwa na shamba kando ya mto mkubwa, huko tulikokaa sisi Walenape kabla ya Wazungu kutusukuma huku bara. Kwetu nyumba na shamba ni vya mwanamke. Mwanamume ana upinde na pori lake la kuwindia, basi. Babu yangu Tamakwa alikuwa mwindaji hodari, ila mpole kupita kiasi. Ukimwomba kitu, hana ulimi wa kukataa.

Majira ya kupanda, Mholanzi mmoja aitwaye Joris alimletea sufuria ya shaba na blanketi jekundu, akamwomba ardhi ya mtoni. Babu akadhani mgeni anataka kuwinda bata mwitu, maana mwanamume atamwomba mwanamume mwenzake nini kingine? Akapokea, akachora alama yake kwenye karatasi.

Siku chache baadaye Joris akafika na ng'ombe wawili na plau. Mahindi na maharage ya bibi yalikuwa yameshachipua. Plau ikipita, watoto wake sita wangekula nini baridi ikiingia? Bibi akasimama mbele ya ng'ombe na jembe lake la mfupa wa paa.

"Mumeo ameniuzia," Joris akasema kwa lugha yetu, aliyoijua nusunusu.

Bibi akamgeukia mumewe. "Tamakwa, umemuuzia nini?"

"Nilimruhusu awinde bata," babu akajibu, uso umemshuka.

"Lakini wewe si ndiye mwenye nyumba?" Joris akauliza.

"Mimi? Hata mkeka ninaolalia ni wa mama mkwe. Wakinichoka, natoka na upinde wangu."

Bibi alikuwa na hasira, lakini hapo alicheka mpaka akaegemea jembe. Akamrudishia Joris vitu vyake. Joris akaona haya, akaeleza kwamba mkewe amejifungua juzi na mahali walipopewa kulima ni mawe matupu.

"Ungeniuliza mimi, ningekupa pale penye kijito, na mbegu juu," bibi akamwambia. "Kamlete mkeo. Mambo ya shamba nitaongea naye."

Akamleta kweli, na kichanga chake, wakamuuliza bibi pa kulima, wakapanda pamoja mwaka ule. Nampenda Joris mpaka leo, kwa sababu alirudi kuuliza.

Wazungu waliokuja baada yake hawakuuliza. Waliwatafuta wanaume, wakawanywesha pombe, wakapata alama zao. Sisi wanawake tukaamka tukakuta ua umezungushwa kwenye mahindi yetu. Nilikuwepo, niliuona. Wanasema tuliuza. Wajukuu zangu, bibi yangu hakuuza hata tuta moja, na baada ya Joris hakuna aliyekuja kumuuliza. Muulize mwenye jembe kabla ya mwenye upinde.