Mama Kindi na Timu ya Safari ya Fisi

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa nini?

— Pakawa mpira wa matambara na magoti yaliyochubuka!

— Nisimulie au nilale?

— Simulia! Usingizi upo, hautoroki.

— Uongo wangu mtamu, msiuulize umetoka wapi.

— Tutaumeza na mbegu zake!

Haya basi. Sogeeni. Na wewe uliyekaa mlangoni ingia ndani, unatuzibia upepo.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wanajenga, wanalima na kusutana kama sisi, paliishi Mama Kindi. Mwili mdogo, mkia mrefu, mdomo haukai. Alikuwa na mume wake, Baba Kindi, na mtoto wao mmoja, Chereko. Chereko alikuwa bado na meno ya utotoni. Lakini mpira! Akiuona mpira, alicheka. Akiupiga, alicheka. Akipokonywa ndiyo kabisa, alicheka mpaka akakaa chini.

Mpira wenyewe aliushona mama yake kwa matambara na kamba za mgomba, kama alivyofundishwa na kaka zake zamani. Maana Mama Kindi naye alicheza. Ee, msimwone hivyo! Siku hizo uwanja ulikuwa popote penye vumbi, goli lilikuwa mawe mawili, na mwenye mpira akinuna mechi imekwisha. Ubishi wake je? "Umepita juu!" "Umepita ndani!" Na mwamba wa goli hakuna, kila mtu anauona wake kichwani. Baba Kindi alikuwa timu pinzani, kijana wa watu, anajiona. Mama Kindi akampiga tobo mbele ya kadamnasi, mpira katikati ya miguu, chwi! Kijiji kizima kikapiga vigelegele. Wiki ile ile wazee wakaletewa posa. Siku zile zilikuwa tamu, jamani, na hatukujua kama ni tamu.

Turudi kwenye hadithi.

Jioni moja akaja Fisi. Kokoto-kokoto, kokoto-kokoto, ndio mwendo wake. Shingoni filimbi, tumboni njaa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mwalimu!" Baba Kindi akainuka kumpisha kigoda.

Fisi akaketi. Kigoda kikalia, kwii!

"Nimemfuata kijana," akasema Fisi. "Mguu ule si wa kuchezea vumbini na watoto wa majirani. Nataka aingie timu yangu ya safari. Leo kijiji hiki, kesho kile. Atajulikana."

"Kijana gani, Mwalimu?" akauliza Mama Kindi. "Humu ndani yupo mtoto tu. Asubuhi nimemchambisha."

"Samaki mkunje angali mbichi, mama. Akichelewa msimu huu, basi tena. Mtoto wa Swala ameshaingia. Mtoto wa Ngiri ameshaingia. Wa kwenu abaki na chandimu ya vumbini mpaka aote mvi?"

Akaondoka, kokoto-kokoto.

"Mama Chereko," akaanza Baba Kindi, "tumzibie mtoto riziki yake?"

"Baba Chereko, mtoto anacheza. Kwa umri wake hiyo ndiyo riziki."

"Mimi pia nilikuwa na mguu. Nani alikuja kubisha hodi kwetu? Nilikaa nikingoja, hakuja mtu. Sitaki mwanangu naye angoje."

Mama Kindi alijua ni kweli. Mumewe alikuwa na mguu, hilo tobo lisiwadanganye. Akamwonea huruma, na akaogopa pia, maana mtoto ni mmoja na utoto hauna marudio. Akimnyima safari, huenda kesho mtoto akamlaumu. Akimpa, huenda kesho akajilaumu mwenyewe.

"Sawa," akasema mwishowe. "Aende safari hii moja. Lakini nami naenda, nitafua jezi. Nikiona heri nitamwacha. Nikiona shari narudi naye."

Fisi alipoambiwa kuna mtu atafua jezi bure, alikubali kabla maneno hayajaisha.

Wakaenda. Mbele Fisi, nyuma watoto, nyuma kabisa Mama Kindi na tenga la jezi. Sheria za Fisi zilikuwa fupi. Piriii! Kucheka marufuku. Piriii! Kuuliza marufuku. Piriii! Kushiba marufuku, mchezaji akishiba anakuwa mzito.

Njiani wakapita mahali penye magugu na kichuguu katikati. Mama Kindi akasimama. Yale mawe mawili ya goli yalikuwa bado yapo, yamekaribiana kuliko alivyoyakumbuka. Kaka zake wote walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja na msitu wake, na mmoja hayupo tena.

"Mama, hapa palikuwa nini?" akauliza Chereko.

"Hapa palikuwa kwetu, mwanangu."

"Piriii! Kuuliza marufuku!"

Wakafika kwa Nyani. Siku hizo nyani walilima mashamba yao wenyewe. Kuvuna ya wenzao walijifunza baadaye, kwa nani sijui, na leo si siku ya kusengenya. Jumbe Nyani, mkuu wao, akawapokea kwa mikono miwili: maji ya kunywa, kivuli, maneno mazuri. Jioni mechi ikaanza.

Mpira ukamfikia Chereko. Akaupiga, tii! Ukampita beki, ukamrudia mwenyewe. Chereko akacheka.

"Piriii!" Fisi akaingia uwanjani, akamshika sikio mbele ya watu wote. "Nimesema nini? Nimesema nini?"

Tangu hapo mpira ukija, Chereko akaupisha. Ukija tena, akaupisha tena. Mama Kindi aliona, na jezi aliyokuwa anaikamua ikamponyoka mkononi.

Mechi ikaisha sare. Jumbe akasema, "Kwetu mechi isiyo na mshindi hurudiwa kesho. Laleni, wageni wetu, mle." Yakaja masinia: wali, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga, harufu mpaka kwa majirani. Watoto wakanawa mikono.

"Ondoeni mikono!" Fisi akasema. "Jumbe, hawa si wageni. Hawa ni miguu yangu tu. Mgeni ni mimi."

Akala. Wali, ng'wafu! Maharage, ng'wafu! Samaki na miiba yake, ng'wafu! Akalamba sinia mpaka akajiona sura, na hakuipenda.

Nyuma ya nyumba Mama Kindi akawagawia watoto karanga alizofunga kwenye pindo la khanga. Mtoto wa Swala akala zake na maganda. Chereko hakula.

"Mama, tukirudi nyumbani, ule mpira wa matambara mpe mtoto wa jirani Panya."

"Kwa nini, baba?"

"Mimi sitaki kucheza tena."

Mama Kindi alishawahi kulala njaa, alishawahi kufiwa, lakini maneno kama hayo kutoka kwa mtoto mwenye meno ya utotoni hakuwahi kuyasikia. Akageuka pembeni, akafuta macho kwa khanga. Angeweza kumbeba mwanawe wakaondoka saa ile ile. Lakini huyu wa Swala je? Na wa Ngiri, anayelamba chumvi vidoleni? Akajifunga khanga vizuri, akaenda kwa Fisi. Fisi alikuwa anachokonoa meno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jezi zimekauka?"

"Zinakauka. Kesho tutashinda?"

"Lazima!"

"Pole sana, Mwalimu."

"Pole ya nini?"

"Tukishinda, wenyeji watatuaga, njiani. Tukishindwa, watatuaga, njiani. Leo tumetoka sare, na tazama, umelala na masinia. Lakini mimi mfua jezi tu, mambo ya mpira nitayajulia wapi?"

Fisi akaacha kuchokonoa meno.

"Halafu," Mama Kindi akaendelea kwa sauti ya upole, "wenyeji wanauliza kesho wageni ni wangapi. Niwaambie na watoto..."

"Watoto wa nani? Waambie mgeni ni mmoja! Mimi! Wapike kama leo, masinia yale yale, lakini mgeni ni mimi!"

"Nitafikisha, Mwalimu. Neno kwa neno."

Akafikisha, neno kwa neno. Jumbe Nyani akakuna kidevu, akamtazama mkewe, mkewe akatazama ghala la majembe.

"Mgeni mmoja, chakula cha timu nzima," akasema Jumbe. "Haya. Tumesikia."

Siku ya pili watoto wakaingia uwanjani wameinamisha vichwa. Mara wakasikia Fisi anapiga kelele: "Usifunge! Wewe, usifunge! Rudisha nyuma!" Wakatazamana. Mtoto wa Swala akafika golini peke yake, kipa ameanguka.

"Usifunge, nimesema!"

Mtoto wa Swala akageuza mpira, akarudi nao kwao. Watoto wa Nyani wakashangaa, wakaangua kicheko. Wao nao wakaja na mpira, wakageuza, wakarudi. Mpira ukazungukazunguka, pu, pu, pu, hauna pa kwenda wala haraka. Fisi akainua filimbi apige, akakumbuka samaki wa jana, akaishusha. Basi mpira ukamfikia Chereko. Akausimamisha. Akautazama. Akamzunguka beki mmoja, akamzunguka wa pili, akamrudia wa kwanza ili amzunguke tena. Na hapo kwenye kuzunguka, kicheko kikamtoka. Hiyo sauti! Mama Kindi aliisikia, akajikuta ameishika jezi kifuani, anacheka na kulia kwa pamoja.

Sare. Fisi akala. Wali, ng'wafu! Maharage, ng'wafu! Samaki, ng'wafu! Akalala chali, tumbo juu.

Alfajiri ya tatu mlango ukagongwa, ngo ngo ngo!

"Chai?" akauliza Fisi.

Nje alisimama Jumbe Nyani, na nyuma yake Nyani wote wa kijiji, wenye mabega mapana na meno marefu. Jumbe akamwekea kitu mkononi. Fisi akakitazama. Kilikuwa jembe.

"Mgeni siku mbili, Mwalimu," akasema Jumbe.

"Siku ya tatu mpe jembe!" wakamalizia watoto wa Nyani, maana hilo hata anayenyonya analijua.

"Lakini wapo watoto hawa! Wana nguvu! Wapeni wao!"

"Hao si wageni. Hao ni miguu yako tu, umesema mwenyewe. Mgeni ni mmoja. Na umekula cha timu nzima, kwa hiyo shamba lako ni la timu nzima. Linaanzia hapa. Linaishia kule mtoni."

"Basi miguu yangu ilime!"

"Miguu hailimi, Mwalimu. Mikono ndiyo inayolima."

Fisi akatazama kulia: Nyani. Akatazama kushoto: Nyani. Akainama. Ku! ku! ku! Akitaka kunyoosha mgongo, Jumbe anakohoa, Fisi anainama tena. Ku! ku! ku! Ndiyo maana mpaka leo mgongo wa fisi umeporomoka nyuma, hauna dawa.

Watoto je? Walipikiwa viazi, wakashushia uji wa karanga. Wakapumzika kidogo. Kisha Bi Nyani akatoa matambara, Mama Kindi akashona, uwanja ukajaa. Huyu huku, yule kule, na aliyechoka akahamia timu pinzani kwa sababu ilikuwa karibu na kivuli. Wakaimba:

*Mpira wa nani? Wetu!*
*Kafunga nani? Sote!*
*Nani katushinda? Njaa!*
*Tumeipiga teke!*

Mama Kindi alijizuia, alijizuia, mwisho akashindwa. Akakaza khanga kiunoni, akaingia. Akampiga tobo Jumbe Nyani mwenyewe, chwi! Kwa muda kidogo akawasikia kaka zake wote wakibishana nyuma ya goli, umepita juu, umepita ndani, na hakutaka kugeuka asije akawakosa.

Kesho yake wakarudi, kila mtoto kwao. Baba Kindi alikuwa anangoja njiani, shingo ndefu.

"Mmeshinda?" akauliza.

"Sijui, baba," akajibu Chereko. "Giza liliingia."

Baba Kindi akamtazama mkewe. Mama Kindi alikuwa na vumbi mpaka masikioni, na goti limechubuka. Akamsimulia yote, na neno la mtoto la usiku ule hakulificha. Baba Kindi akachutama, akampangusa mtoto vumbi. Alikuwa mtu mzima, lakini ile siku ya kungojea hodi ilikuwa bado imo ndani yake.

"Basi hatorudi kule," akasema. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi je, timu yenu ina nafasi?"

Mama Kindi akamgeukia mwanawe. "Chereko, baba yako tumpange wapi?"

Chereko akampima kuanzia juu mpaka chini, kama kocha kabisa.

"Golini," akasema.

Baba Kindi akakimbilia golini kabla hawajabadili mawazo.

Hadithi yangu imegonga mwamba, imetoka nje. Aliyeipenda airudishe uwanjani, aliyeichoka aipige teke kwa jirani.

Na funzo lake ni hili, wazazi, tegeni masikio. Mpelekeni mtoto timu ya safari akiwa mchanga, ikiwezekana kabla hajatambaa. Asicheke, asiulize, asishibe. Mkimwacha acheze vumbini na mama yake na baba yake, ataharibika: atakua ana furaha, na mimi kikombe cha ubingwa wa furaha sijakiona hata kabatini kwa mtu.