Ukingo Mnene wa Konokono wa Bahari

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa utani. Mwanaate alikitazama chumba kipya ambacho mumewe alikuwa amekiongeza kwenye gamba lake, akatikisa kichwa.

"Kombo, hii nyumba au sikio?"

"Nyumba, mke wangu. Wewe jenga yako tukuone."

Enzi hizo bahari ilikuwa baridi, na konokono wake walikuwa wakubwa kama mitungi. Kila msimu kila mmoja alijenga chumba kipana kuliko cha nyuma. Asiyejenga aliitwa mpangaji, hata na watoto. Mwanaate alikuwa na vyumba vingi kuliko wote mwambani.

Kisha milima iliyo chini ya bahari ikatapika moto, msimu baada ya msimu, na maji yakapata joto. Maji ya joto hubeba pumzi chache, na mwili mkubwa huhitaji nyingi. Hilo hawakulijua. Wakubwa walipoanza kuhema, walidhani nyumba zimewabana, wakazidi kujenga. Mwanaate naye akajenga, na Kombo ndiye aliyemkandia chokaa. Mkewe alikufa kabla chokaa haijashika.

Matanga hayajaisha, binti yao Mize akaanza kuhema.

"Mjengee mtoto, Kombo," shangazi wa Mize alisema. "Au unataka kuzika mara mbili?"

Kombo alizunguka mwamba wote, polepole, akitazama. Magamba makubwa yalikuwa kimya. Chini kabisa, kwenye nyufa, wapangaji walikuwa wakila mwani na kugombana kama kawaida. Hakuna hata mmoja aliyehema.

Aliporudi alimwambia Mize, "Usijenge tena, mwanangu. Baki hivyo ulivyo."

"Watanicheka, baba."

"Watacheka wakiwa na pumzi."

Mize aligeuza uso. Kombo akaelewa kwamba maneno hayatatosha.

Na tangu wakati huo konokono wa bahari hukoma kukua mapema, nasi humwokota kwa vidole viwili. Ukimpata, pitisha kidole mlangoni pa gamba lake: utakuta ukingo mnene, mahali ujenzi ulipokomea. Wa kwanza kuuweka alikuwa Kombo. Yeye alikwisha kuwa mkubwa, na alijua ukingo hautampunguza. Lakini asubuhi iliyofuata maneno yale na Mize, alichukua chokaa iliyobaki ya Mwanaate, akaweka ukingo mnene mlangoni pa nyumba yake mbele ya mwamba mzima, ili wakianza kucheka, waanze na yeye.