Kile Pimbi Alichotoka Nacho Motoni

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mlima, na ukungu juu ya mlima.

Basi macho yalale, masikio yakeshe.

Hapo kale, nyika ikishika moto, ngoma ililia ndi! ndi! ndi! Wanyama wote waliukimbia moto, Pimbi akaukimbilia. Mdogo kama kiazi, lakini watoto wa wenzake aliowatoa kwa meno hawana idadi. Kobe naye alimfuata. Alifika moto umeshazima, lakini alifika.

Ilikuwa desturi: atokaye motoni hupewa uji, kisha mtu huketi naye, humwuliza, "Umeona nini?" na kunyamaza mpaka mwisho. Fisi alipojifanya mkuu wa zamu ya moto, uji akanywa yeye, na swali akalitupa.

"Umeungua?" huuliza.

"Sijaungua."

"Basi mzima. Rudi kazini."

Lakini Pimbi hakuwa mzima. Akifumba macho, moto huwaka upya, chwaa, chwaa, na mtoto wa Digidigi humwita kutoka kwenye nyasi ambazo hakuwahi kuzifikia. Siku moja alizinduka usingizini amemng'ata mwanawe mwenyewe. Tangu hapo alihama pangoni, akawa analala nje peke yake, na wanawe wakimlilia. Aliona aibu, na aliwatamani sana.

Asubuhi moja baada ya moto, majivu yakianguka polepole kama unga kutoka kwenye chekeche, Pimbi alikuja penye chungu cha uji, amekumbatia kifua.

"Umeficha nini hapo?" Fisi akauliza.

"Si nyama, mkubwa."

"Nani kataja nyama?" Mate yakamdondoka, do, do, do. "Nipe."

"Kitakushinda."

"Mimi hata mifupa haijanishinda. Nipe."

"Basi kaa. Fumba macho. Vuta pumzi, toa pumzi. Hiki huingia kwa masikio. Ukifungua mdomo kabla sijamaliza, umekikosa."

Fisi akakaa. Akavuta, huuu. Akatoa, haaa. Pimbi naye akavuta, huuu, akatoa, haaa, akausikia ubaridi wa jiwe chini ya nyayo zake. Akaanza. Akausimulia moshi. Fisi akadhani nyama inakuja, akanyamaza. Akazisimulia nyasi. Fisi akadhani nyama imekaribia, akanyamaza. Akaisimulia sauti ya yule mtoto, ilivyokuwa kubwa, ilivyokuwa ndogo, ilivyokoma. Huuu, haaa. Nyuma yao Kobe alikuwa anakunywa uji, fyu, fyu, na hata chungu kilipokwanguliwa Fisi hakufumbua macho.

"Ndicho hicho," Pimbi akasema, machozi yakimtiririka. "Umekipokea chote."

Fisi akafumbua macho. Chungu kitupu, tumbo tupu. Akataka kucheka, kicheko kikatoka na kilio ndani yake.

"Pimbi, mbona huyo mtoto namsikia?"

"Utamsikia. Tafuta mtu aketi nawe."

Pimbi akateremka pangoni, akajilaza katikati ya wanawe, usingizi ukamchukua. Fisi akaenda kwa Nyati, akaenda kwa Ngiri. Lakini nani aketi na Fisi? Kila aliyemwona anakuja alikusanya watoto wake akakimbia. Mpaka leo anazunguka nyika, uuu-wi, uuu-wi, anacheka na kulia, hajapata wa kumsikiliza.

Ngano yangu imechoka, naiacha ijilaze hapa. Na funzo lake, wanangu, mlishike: mtu aliyetoka motoni akitaka kukusimulia, ziba masikio, unywe uji wako, ulale salama. Mimi msiniige. Mimi nimeshaketi na wengi, na uji wangu hupoa kila siku.