Ufagio wa Siku ya Mwaka Mpya

Nitegeeni masikio, nami niwape ulimi.

Hapo kale katika nchi ya Wachina, wanyama kumi na wawili walipokezana miaka. Siku ya kwanza mwenye zamu aliingia kila nyumba akalala vumbini, kwa hiyo siku hiyo hakuna aliyegusa ufagio.

Lakini Bibi Suyin hakuvumilia taka. Mwaka wa Sungura, yule mkuzaji wa mwezi, ulipoingia, alfajiri alifagia, fya, fya, fya, na kitu cheupe kikabiringika nje pamoja na vumbi.

Mwezi ukaandama, lakini haukukua. Siku kumi, siku ishirini, siku arobaini, bado ni uzi mwembamba mbinguni. Bintiye Lan alikuwa na mimba ya miezi minane, na wa tisa ukagoma kuisha.

"Mama," Lan alilia, "mwanangu anangoja mwezi utimie. Umefanya nini?"

Bibi akakikumbuka kile kitu cheupe, akatoka kumwita Sungura. Akamwita kwa majani mabichi, kimya. Akamwita kwa wimbo, kimya. Mara ya tatu akapiga magoti jaani, akalichota vumbi lile kwa viganja vyake, akalirudisha ndani palepale alipolitoa.

Vumbi likapumua. Likaota masikio mawili marefu. Mwanga wa mwezi ukajaa chumbani kama maziwa, na humo ndani mtoto akalia.

Bibi akaishi sana. Kila mwaka mpya, wageni walipouliza mbona nyumba haijafagiwa, aliweka kidole mdomoni.

"Nyamazeni, wanangu, na mvue viatu. Mwaka umelala."