Video ya Mikono Ikinawa

Hapo zamani, wajukuu zangu, wala si zamani ile ya sungura kumdanganya fisi, ni zamani hii ya juzijuzi ya vishikwambi, palikuwa na shule moja upande wa Kyela, katika kijiji cha wanawake wafinyanzi. Sogeeni. Anayetafuna aache kutafuna. Nikimaliza nitataka jibu, na jibu la kuiga kwa mwenzio silitaki.

Mwalimu wa darasa la nne aliitwa Kibona. Mwalimu Kibona akawaambia watoto, "Kila kundi litengeneze video fupi, ionyeshe kazi inayofanywa hapa kwetu. Itakayokuwa nzuri kupita zote itakwenda Mbeya, ionyeshwe mbele ya watu. Gari litazunguka shule zote, na kila shule imepewa kiti kimoja. Kiti hicho ni cha aliyeitengeneza."

Basi palikuwa na kundi la watoto watatu. Wa kwanza Tusajigwe, binti wa maneno, anaweza kumbembeleza kuku atoke tengani aende sufuriani kwa miguu yake. Wa pili Ambakisye, mvulana wa haraka, kiatu cha kushoto anakivaa kulia na safari inaendelea. Wa tatu Atupele. Huyo hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa anafikiri kwanza.

Tusajigwe akasema, "Tukampige video Bibi Sekela."

Wenzake wakacheka. Bibi Sekela alikuwa fundi wa vyungu kuliko wote pale, lakini kutazamwa hataki. Wageni waliwahi kumjia na kamera zao, akawatoa kwa ufagio.

Tusajigwe hakuchoka. Akamchotea maji. Bibi akasema, "Sitaki." Akamtafutia kuni. Bibi akasema, "Sitaki." Akakaa mlangoni kwake, akamwambia, "Bibi, siku ukiondoka utaondoka na mikono yako. Sisi tutaiona wapi tena?"

Bibi Sekela akamtazama weee, kisha akasema, "Wewe mtoto una mdomo kama redio iliyotiwa betri mpya. Haya, njooni. Lakini mimi nikishika udongo sisemi. Mama yangu hakusema, bibi yangu hakusema. Ukisema huku unafinyanga, mdomo wa chungu unakwenda kombo. Nyinyi ulizeni. Nitawajibu nikinawa mikono."

"Sawa, bibi. Tutachukua ukifinyanga tu. Ukinawa, tunazima."

"Mnazima?"

"Tunazima, bibi. Haki ya Mungu."

Siku yao ya kukishika kishikwambi pekee cha shule ikafika. Ambakisye kwa haraka yake akaifungua kamera tangu shuleni, ili wakifika wasichelewe, halafu akakizungushia kitenge kisiingie vumbi. Humo ndani ya kitenge kitufe kikabonyea. Kishikwambi kikaanza kuchukua, kinachukua giza na vishindo vya miguu, na Ambakisye hajui. Walipofika, jua lilikuwa kali, kioo kinameremeta, huoni kitu.

Bibi akakaa kwenye udongo. Tusajigwe akasema, "Washa!" Ambakisye akabonyeza. "Imewaka!" Kumbe ndiyo imezimika.

Bibi akainuka kunawa. "Zima!" Akabonyeza. "Imezimika!" Kumbe ndiyo imewaka. Akakiegemeza kwenye kigoda, pale kando ya beseni.

Bibi akarudi kwenye udongo. "Washa!" "Imewaka!" Imezimika. Bibi akaenda kunawa. "Zima!" "Imezimika!" Imewaka. Wakaenda hivyo mpaka vyungu vikapangwa uani vikauke.

Udongoni Tusajigwe anauliza, na Bibi kimya. Kwenye beseni Bibi anajibu. Akaeleza alivyofundishwa, akaeleza udongo mzuri unavyonuka. Mara ya mwisho akasema, "Umeniuliza nani atairithi kazi hii. Subilaga wangu angeirithi. Kukanyaga udongo alinishinda mimi mama yake. Sasa ameolewa Mbeya, anauza ndoo za plastiki. Ndoo za plastiki, jamani! Mtoto wa mfinyanzi!"

Watoto wakacheka, naye akacheka. Mikono bado imo majini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Watu wote hapa wanajua nimemkasirikia. Hata kwake sijawahi kufika. Lakini sijamkasirikia. Nikikanyaga udongo, nakanyaga upande mmoja. Upande wa pili namwachia yeye."

Akajifuta mikono, akawafukuza waende makwao.

Shuleni wakafungua kuona kazi yao. Chungu hakuna! Kuna giza. Kuna mbuzi. Kuna pua ya Ambakisye kutoka chini. Kuna mikono inanawa, inanawa, inanawa.

Tusajigwe akalia. "Ambakisye, wewe hata kuku wa kuchunga upewe kweli? Nimemchotea yule bibi maji mpaka shingo imeingia mabegani!"

Ambakisye naye machozi yako karibu. "Atupele, futa. Futa yote kabla Mwalimu hajaona."

"Futa," akasema Tusajigwe. "Tuseme kiliharibika."

Na kurudi kwa Bibi haikuwezekana, kwa maana zamu ya kukitoa kishikwambi nje ya shule sasa ilikuwa ya kundi lingine.

Atupele hakufuta. Wenzake walipotoka kucheza, yeye akabaki akisikiliza. Akakata giza. Akakata mbuzi. Akakata pua. Akaunga kunawa na kunawa. Mikono inaingia majini na udongo, inatoka safi, na kila inapoingia ina neno lake. Neno la mwisho akaliacha kuwa lile la upande wa pili.

Darasa lilipoitazama, hata wale wa dawati la nyuma, ambao kanisani hawanyamazi, walinyamaza. Mwalimu Kibona akasema, "Inayokwenda Mbeya ni hii."

Asubuhi ya safari gari likafika, viti vyote vimejaa watoto wa shule nyingine, kimebaki kimoja. Mwalimu Kibona akafungua mlango. "Haya, aliyeitengeneza apande."

Wakaja watatu.

Tusajigwe akasema, "Ni mimi. Wazo langu. Mlango wa Bibi niliufungua mimi, tena wakati nyinyi mnacheka. Na mnayoyasikia mle yote ni majibu. Aliyeuliza nani?"

Ambakisye akasema, "Ni mimi. Mlinitukana kwa kubonyeza vibaya. Ningebonyeza vizuri mngepata nini? Bibi bubu na udongo! Na aliyekiegemeza kwenye kigoda nani?"

"Hukukusudia!" akasema Tusajigwe.

"Na wewe ulikusudia mikono inawe?"

Mwalimu akamgeukia aliyekuwa kimya. "Na wewe, Atupele?"

Atupele akafikiri. Akasema, "Wote wawili waliniambia nifute. Ningewasikiliza, leo gari lingepita bila kusimama."

Kabla Mwalimu hajajibu, Bibi Sekela huyo, kitenge kipya, kapu kwapani. Alikuwa amewasikia watoto njiani wakisema maneno yake, "Upande wa pili namwachia yeye," wanachekeana nayo wakielekea kisimani. Hapo akajua.

Akasema, "Mwalimu, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Kiti hicho changu."

"Bibi, ni safari ya wanafunzi."

"Wewe ulisema ni cha aliyeitengeneza, watoto wamenieleza. Mikono ile ya nani? Maneno yale ya nani? Hawa waliniapia kwamba nikinawa wanazima."

Tusajigwe akatazama chini. Ambakisye akasema, "Bibi, sikujua inawaka."

"Najua hukujua, baba. Lakini alipojua huyu," akamwonyesha Atupele, "alikuja kuniuliza?"



Mwalimu Kibona akasema, "Basi, bibi, tuyatoe yale ya Subilaga. Yaende mengine."

"Sijasema yatolewe! Nasema yakienda Mbeya, yaende na mimi. Mwanangu asije akayasikia kwenye kioo, kwenye umati, kabla hajayasikia kwa mama yake. Mkininyima kiti, na video ibaki. Maneno ni yangu, nayafunga."

Watoto waliomo garini wakaanza kunong'ona. Hapo Atupele akafungua kinywa bila kuulizwa na mtu.

"Bibi, ungejua inawaka, ungeyasema?"

Bibi Sekela akasema, "Nisingeyasema."

"Na barabara ya Mbeya ipo siku zote. Mbona hukwenda ukamwambia?"

"Atupele!" akasema Mwalimu.

"Mwache," akasema Bibi Sekela. "Ameuliza kweli. Sikwenda kwa sababu sikuwa nimeyasikia. Mtu hajisikii mwenyewe. Leo nimeyasikia kwa watoto wa njiani, nimevaa, nimekuja. Nikirudi nyumbani sasa hivi, najijua, sitavaa tena."

Akaweka kapu chini, mbele ya mlango wa gari.

Dereva akapiga honi. "Mwalimu, Mbeya wanatusubiri! Nani anapanda?"

Mwalimu Kibona akamtazama binti aliyefungua mlango wa Bibi. Akamtazama mvulana aliyekosea. Akamtazama binti aliyekataa kufuta, wala hakuomba ruhusa. Akamtazama mama aliyeibiwa maneno asiyoweza kuyatoa mwenyewe. Dereva akapiga honi tena, kiti ni kimoja, na mkono wa Mwalimu uko kwenye mlango.

Haya, wajukuu zangu, semeni nyinyi: je, nani alistahili kupanda?