Mkanda wa Bibi Leung

Wanunuzi wa vitambaa wanaokwenda Guangzhou wana sheria moja ambayo mgeni hufundishwa kabla hajajua hata kushika vijiti vya kulia: usimwombe muuzaji hisani kabla hamjaafikiana bei. Ukimwomba, umemwonyesha kuwa unamhitaji, na akijua unamhitaji atakukamua. Fathiya, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyekwenda soko la Zhongda kila baada ya miezi michache, aliishika sheria hiyo kwa meno na kucha.

Mwishoni mwa mwaka 1997 alipanga chumba cha juu katika nyumba ya bikizee mmoja, Bibi Leung, jirani na soko. Fathiya alijua Kichina cha sokoni tu: kuuliza bei, kukataa na kushukuru. Hata hivyo hawakukosa mazungumzo, kwani Bibi Leung aliongea kwa uso na mikono. Akitaka kusema mvua inakuja, mabega yalinywea na vidole vikashuka polepole mbele ya macho yake, hata Fathiya akajikuta anatafuta mwavuli. Alipomwigiza jirani yao mchoyo akihesabu mayai, Fathiya alicheka mpaka akashika mbavu.

Siri ya ufundi huo aliijua kupitia kwa Marijani, Mtanzania aliyekwenda huko kusoma akabaki kuwa mkalimani wa wafanyabiashara. Siku moja alipompitia Fathiya waende sokoni, bikizee alimkalisha na kumsimulia mambo mengi.

"Bi Fathiya, unajua unaishi na nani?" Marijani aliuliza. "Huyu alikuwa mwigizaji wa sinema bubu, zile za kale zisizo na sauti. Alianza akiwa na miaka kumi na saba, akacheza sinema kumi na moja. Watu walikuwa wakikata tikiti wamwone akilia tu."

"Ikawaje akaacha?"

"Sinema zikaanza kusema. Mabwana wa sinema kule Shanghai, alikokuwa akiigiza, wakataka Kichina cha kaskazini, naye ana lugha ya hapa hapa Guangzhou. Wakamrudisha kwao. Ameshona nguo za watu miaka arobaini."

Sinema zake ziliteketea vitani. Uliosalia ni mkanda mmoja wa dakika kumi, ambao katika miaka ya misukosuko, vitu vya kale vilipokuwa vikichomwa moto, aliuficha chini ya sakafu ya jiko. Bibi Leung aliutoa ndani ya kopo la biskuti, akauweka mapajani mwa Fathiya.

"Anasema hajajiona katika sinema tangu ujana wake," Marijani alifasiri. "Mashine ya kuonyeshea ipo katika ukumbi wa kiwanda cha zamani, ambao sasa ni ghala la laoban Ho, tajiri wako wa vitambaa. Bibi mwenyewe akienda kuomba hufukuzwa. Wewe mteja, hutakataliwa. Ila fanya hima, Bi Fathiya. Ana presha ya macho. Daktari kamwambia yatazimika, na yakizimika hayarudi."

Fathiya aliingiwa na huruma ya kweli, akaweka mkono kifuani kuahidi. Lakini wiki hiyo alikuwa anavutana na laoban, yaani bosi huyo, juu ya bei ya majora mia mbili. "Nikishamaliza bei, kaka," alisema.

Bei ilipokwisha, ndege ilikuwa inamsubiri. Safari ya pili ilikuja na mzigo mwingine na mvutano mwingine. Bibi Leung alimlaki mlangoni akizungusha mkono hewani, kama anayeendesha mashine ya sinema. Fathiya akainua kidole: ngoja kidogo. Safari ya tatu bikizee aliuzungusha mkono tena, huku ameusogeza uso karibu kabisa na wa mgeni wake apate kumwona. Fathiya akainua kidole kilekile. Nakiri kuwa hapa namkasirikia. Hakuwa mtu mbaya. Alimletea bikizee karafuu na kumkanda miguu. Lakini alichotakiwa ni ombi moja tu, naye akalibania.

Safari ya nne, Novemba 1998, hakulakiwa na mtu. Bibi Leung alikuwa kitini, uso ameuelekeza ukutani. Fathiya akazungusha mkono hewani kumchekesha. Hakuitikia. Akasogea mbele yake, akazungusha tena. Bikizee akanyoosha mikono na kumpapasa mashavu.

Fathiya alitoka mbio na lile kopo. Alimkuta laoban akinywa chai, akaunganisha viganja kumwomba, bei hata hakuikumbuka. Laoban aliutazama mkanda, akacheka kwa mshangao, akatoa funguo na kumwita fundi wake wa zamani. Chai yake ilikuwa haijapoa.

Marijani alikuwa mji wa mbali wa Yiwu na wateja wengine. Alasiri ile Fathiya alimshika mkono Bibi Leung, fundi akawasha mashine akaenda zake, wakaketi peke yao katikati ya majora. Ukutani akatokea msichana mlangoni, akapokea barua, akaisoma, akaikunja, kisha akatabasamu huku machozi yakimtiririka. Ghala zima hapakuwa na sauti ila ya mashine.

Bibi Leung akamgeukia, akauliza jambo. Fathiya alielewa: nafanya nini pale? Mikono yake ikainuka yenyewe kujibu, kisha ikaanguka. Akafungua kinywa. Akatafuta neno la barua, la mlango, la chozi. Kichwani mlikuwa na maneno ya sokoni tu: bei gani, ghali mno, punguza.

"Hao," alisema hatimaye, yaani nzuri kwa Kichina, neno alilozoea kulisema akiridhika na kitambaa. "Hao, Bibi. Hao."

Bibi Leung alisubiri aongeze. Mkanda ukaisha, ukuta ukabaki mweupe, na bikizee akaendelea kuuinua uso wake, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwambia kwamba umekwisha.

Fathiya alimwangukia begani akalia kwa kwikwi. "Ningemwomba siku ileile," alisema kwa Kiswahili, ambacho mwenzake hakukijua. "Siku ileile, Bibi yangu."

Laiti majuto yangerudisha nuru ya macho! Wahenga hawakukosea waliposema: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.